Seva ya Ng'ombe Wasiohesabiwa

Fomu yenu imenifikia hapa Kitengela, vijana, na nimecheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kama niko sawa. Mnataka kununulia chama cha wafugaji seva mpya ya kutafuta kumbukumbu za mifugo, na mmemtumia kila mwanachama maswali. Swali la tatu: "Una ng'ombe wangapi?" Halafu mtajumlisha majibu, mzidishe kwa ukubwa wa rekodi moja, mjue mnunue memori kiasi gani. Hesabu safi kabisa. Hiyo hesabu niliifanya mimi mwenyewe, Wekesa, fundi wenu wa zamani, na karibu imfanye mama wa watu apoteze kila alichokuwa nacho.

Kwa hivyo kabla hamjafika dukani, kaeni chini. Nimestaafu, niko na wakati, na maneno niko nayo mengi.

Kwanza niwape ya Isinya, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa ya Kajiado. Nilianza kazi kwa shamba moja la maua huko, chini ya mama mmoja mkali anaitwa Madam Achieng'. Alikuwa anavaa koti hata jua likiwaka, na kompyuta ikikataa kuwaka aliisimamia mikono kiunoni kama mwalimu wa zamu. Tulikuwa na injini ya kutafuta barua na oda za wateja. Nafikiri mnajua hiyo kitu inavyofanya kazi, lakini wacha niseme, kwa sababu hata mimi nilikuwa nafikiri najua. Haisomi rekodi zote kila mtu akiuliza swali. Inatengeneza faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu: neno hili liko hapa, hapa na pale. Faharasa ikiwa kwenye memori, jibu linakuja kabla hujatoa kidole kwa kibodi. Ikibidi ichotwe kutoka kwa diski kila saa, unaweza kwenda kunywa chai urudi.

Sasa mimi, kijana mwerevu, nikaona mashine ina giga nane za memori. Nikaipa programu ya kutafuta saba. Nikajipongeza. Siku mbili mashine ikawa inatambaa, diski inakwaruza kama kuku anachakura mabati. Madam Achieng' akaja, akaangalia, akaniangalia mimi.

"Wekesa, mgeni umempa vyumba vyote. Mwenye nyumba atalala wapi?"

"Lakini Madam, ni programu ndiyo inatafuta."

"Na faili zinasomwa na nani? Na mamako?"

Nilitamani kujificha chini ya meza. Akanieleza kwamba ule mfumo unaoendesha mashine nao unahitaji memori, ili kurasa za faharasa zilizosomwa zibaki karibu zisirudi kuchotwa kwa diski. Nusu ya programu, nusu ya mwenye nyumba. Andikeni hiyo kwa ukuta. Nimeona watu wenye digrii mbili wakifanya kosa langu la Isinya, na mimi nacheka tu kwa sababu digrii sina.

Kajiado nilikuja baadaye, chama kilipoamua kuacha vitabu vya karatasi. Nyinyi mmekuta mambo yamekaa sawa, hamjui vile vitabu vilivyokuwa. Kila ng'ombe wa mwanachama aliandikwa rangi yake, chapa yake ya moto, mkato wa masikio, mama yake, na kila alipochanjwa au kuuzwa. Mtu akipoteza ng'ombe, karani alifungua vitabu ukurasa kwa ukurasa akilamba kidole. Mimi nikaambiwa nitengeneze mfumo ambao unaandika tu "mwekundu, kipaji cheupe, sikio la kushoto limekatwa ncha," na unajibiwa.

Nikafanya kama nyinyi. Nikaingia kwa mkutano wa kamati na kalamu, nikiwa na tai. Mwenyekiti alikuwa Mzee Parsaloi, mzee mrefu, mpole, ambaye ng'ombe wake wakivuka barabara ya Namanga mabasi yalizima injini na abiria wakashuka kununua maziwa. Nikamwanzia yeye kwa heshima.

"Mzee, uko na ng'ombe wangapi?"

Mzee akatazama dirisha. "Wachache tu," akasema.

"Wachache kama wangapi, mzee?"

"Si wengi."

"Thelathini?"

Akatabasamu vizuri sana. "Andika."

Nikaandika thelathini. Wa pili akasikia mwenyekiti ni thelathini, yeye angesema zaidi kwa nani? Akasema ishirini. Wa tatu, kumi na tano. Kufika kona ya chumba kulikuwa na mzee mmoja, tajiri wa kutajwa mpaka Tanzania, ambaye kulingana na karatasi yangu alikuwa na ng'ombe wanne. Hakuna mtu aliyecheka. Mimi kwetu ni upande wa Bungoma, ng'ombe wetu tulikuwa nao watatu na tulijua ni watatu. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hapa kwa Wamaasai mtu hahesabu ng'ombe wake. Kuwataja kwa idadi ni kuita balaa liwapunguze. Na hakuna aliyenidanganya, hilo mlielewe. Walinijibu kwa adabu swali lisilo na adabu.

Basi nikajumlisha uongo wa heshima, nikazidisha, nikapata jibu zuri: mashine ya kawaida ya mezani, giga nane, diski moja. Kamati ikafurahi kwa sababu nilisema kidogo kinatosha. Nikaiweka kwa chumba kisicho na vumbi, nikaweka betri ya akiba kwa sababu ya stima, nikaziba dirisha la upande wa jua. Hayo nilifanya vizuri na sioni aibu kujisifu. Nikawaambia makarani wafunge vile vitabu kwa magunia, wapeleke stoo. "Karatasi imekufa," nikasema. Nilisema hivyo kwa kipaza sauti, mkutano mzima ukisikia.

Ilifanya kazi vizuri karibu mwaka. Halafu ukame ukaja, na pamoja na ukame ikaja chanjo ya lazima.

Ng'ombe unaweza kukosa kumtaja kwa mkutano, lakini sindano lazima imguse. Wakatoka mabondeni, wakatoka upande wa Kimana, wakatoka kwa mashemeji na kwa marafiki waliowekewa. Makarani waliwaingiza mmoja mmoja kwa mfumo wiki nzima, na kwa kuwa waliona rekodi tu na si jumla, hata wao hawakushtuka. Rekodi za mwisho ziliingia siku moja kabla ya soko. Mimi nilikuwa Kitengela na homa, nimejifunika blanketi, najiona mtu aliyemaliza kazi yake.

Siku ya soko nikafika ofisini saa tatu asubuhi. Karani wa mbele, Bi. Wairimu, alikuwa amesimama mlangoni.

"Fundi, seva imekufa. Nikiiwasha inaamka kidogo halafu inaanguka tena."

Nyuma yake, kwa kiti cha plastiki, alikaa mama mmoja wa makamo, shuka begani, mkongojo mkononi, macho makavu. Nikamsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya." Akajibu, "Iko," lakini sauti haikuwa na nguvu.

Alikuwa Mama Lanoi, mjane, mwanachama wetu kutoka upande wa Kimana. Wairimu akanieleza haraka. Ukame ulipozidi, mama huyu alimpa mtu wa ukoo ng'ombe wake wote awapeleke kwa malisho ya huku juu. Huyo mtu akanyamaza. Sasa wameonekana sokoni, ndani ya zizi la mnunuzi mmoja, na lori limeegeshwa tayari. Mnunuzi anasema amewanunua kihalali. Chapa ya moto haisaidii, kwa sababu ni chapa ya ukoo mzima na hata aliyewauza ni wa ukoo huo huo. Mkuu wa soko hakuwa mtu mbaya, amesema atalisimamisha lori akipata rekodi ya chama yenye rangi na mkato wa masikio. Amempa mpaka saa sita. Bila hiyo, lori linaondoka, na ng'ombe wakishafika machinjioni hakuna kesi ya kurudisha nyama.

"Hao ndio wote?" nikauliza.

"Ndio wote," Mama Lanoi akasema mwenyewe. "Wakienda, mimi ni mtu wa kuombaomba kwa mlango wa kaka yangu."

Vitabu viko stoo ndani ya magunia, vimechanganywa miaka na majina, kwa amri yangu.

Nikakaa kwa mashine. Nikaiwasha, programu ikaanza kupakia faharasa, memori ikapanda, ikapanda, ikajaa, mfumo ukaiua programu. Mara ya pili vivyo hivyo. Na hapa, vijana, niliogopa, na mtu akiogopa anarudi kwa ujinga wake wa zamani. Nikabadilisha mipangilio nikaipa programu karibu memori yote. Ikaamka! Wairimu akapiga makofi. Nikaandika jina la mama, nikabonyeza, na tukangoja. Diski ikaanza kukwaruza. Dakika zikaenda. Ule ukwaruzaji niliujua. Ilikuwa kuku wa Isinya.

Nikasikia Madam Achieng' kabisa, kana kwamba yuko nyuma yangu na koti lake: mwenye nyumba atalala wapi? Nikazima programu. Nikafungua ukurasa wa matengenezo wa mfumo, nikatazama idadi ya rekodi, na hapo ndipo nikaona. Zilikuwa zimezidi hesabu yangu mara nyingi mno hata nikafikiri nimesoma vibaya. Wachache tu! Nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Hakukuwa na mpangilio wa kuniokoa. Nilihitaji memori, ya kushikwa kwa mkono, saa hiyo hiyo.

Duka la karibu lenye memori ya aina ile lilikuwa Kitengela, na saa ilikuwa imekaribia nne. Nikaanza kuhesabu kichwani kompyuta za ofisi. Ya Wairimu, ndogo. Ya mhasibu, ndogo. Halafu nikakumbuka kwamba kamati ilipitisha mwenyekiti apewe mashine bora kuliko zote, kwa heshima ya kiti.

Nikaingia kwa Mzee Parsaloi bila kubisha. Alikuwa anacheza karata kwa kompyuta, miwani puani.

"Mzee, nisamehe. Nakuzimia mashine."

"Fundi! Nilikuwa nashinda!"

"Ni ng'ombe wa Mama Lanoi, mzee."

Akasukuma kiti nyuma mara moja. Nikafungua ile kasha, na ndani nikakuta vijiti viwili vya memori, giga nane kila kimoja. Kumi na sita! Mashine ya kucheza karata ilikuwa na mara mbili ya seva yangu. Nikavichomoa kwa haraka, ukingo wa bati ukanichana kidole, damu ikatoka. Wairimu akanifunga plasta huku akinikaripia kama mtoto.

Seva ilikuwa na nafasi nne za memori, mbili ziko wazi. Nikachomeka. Nikawasha. Mlio mmoja mrefu, skrini nyeusi. Nikachomoa, nikaangalia. Meno ya dhahabu ya vile vijiti yalikuwa yamefunikwa na vumbi na jasho la vidole. Sasa shikeni hii, kwa sababu hamtaikuta darasani: chukua kifutio cha penseli, kile laini, sugua meno pole pole kuelekea nje, puliza uchafu kwa pampu na si kwa mdomo, kwa sababu mdomo una mate. Kisha shika chuma cha kasha kwanza ili umeme wa mwilini utoke, ndipo uchomeke mpaka usikie imelia kwa pande zote mbili. Kifutio nilikitoa kwa mkebe wa Wairimu. Nilijiambia kwa sauti, "Wekesa, tulia."

Ikawaka. Giga ishirini na nne. Kuchanganya vijiti vya ukubwa tofauti si jambo la kuigwa, mkiweza nunueni vya jozi moja. Lakini siku hiyo vilikubaliana. Nikaipa programu kumi na mbili, nikamwachia mwenye nyumba kumi na mbili. Nje lori lilikuwa limewashwa injini, tulilisikia. Faharasa ikaanza kupakia. Mama Lanoi alikuwa amesogeza kiti karibu nami, haniangalii, anaangalia mlango. Mzee Parsaloi amesimama nyuma yangu, anapumua kwa kichwa changu.

Ikamaliza kupakia. Haikuanguka.

"Mama," nikasema, "niambie mmoja wao."

"Nado," akasema, yaani mwekundu kwa Kimaasai. "Kipaji cheupe. Pembe ya kushoto imeshuka. Masikio yote amekatwa ncha, la kulia lina tundu."

Nikaandika. Nikabonyeza. Kabla sijatoa kidole, alikuwa hapo. Wairimu akapiga kelele. Nikabofya jina la mwenyewe, na kundi lote likajipanga kwa skrini, rangi kwa rangi, sikio kwa sikio.

Na juu kabisa, kwa maandishi meupe niliyoyapanga mwenyewe nikiona ni urembo: "Jumla ya ng'ombe," halafu nambari.

Mama Lanoi alikuwa anajua kusoma. Nikaona akigeuza uso haraka, mkono umepanda machoni, na Mzee Parsaloi naye ameangalia dari. Saa ile ndipo nilipoelewa yule mzee aliyetazama dirisha kwenye mkutano. Ilinichoma kuliko ile bati. Mama amepata ng'ombe wake dakika ile ile na mimi namwitia balaa juu yao. Nikabandua plasta kidoleni, nikaibandika kwa skrini juu ya ile nambari. Damu na yote.

"Sasa angalia, mama," nikasema.

Akaangalia. Akakaa akiwapitia mmoja mmoja kwa kidole, anawaita kwa sauti ya chini, na machozi ambayo hayakuwa yametoka asubuhi yote yakatoka.

Tukachapisha orodha, nikakata sehemu ya juu kwa makasi. Tukaenda zizini, mimi, mama, Mzee Parsaloi na mkuu wa soko. Mkuu wa soko alisoma kila mstari, ng'ombe akatafutwa, akaangaliwa masikio, akatolewa kando. Mnunuzi alianza kwa kelele, kisha akasogea pembeni. Nilipoona wamejaa kando nikadhani tumemaliza. Mama Lanoi alikuwa amewatupia jicho mara moja tu.

"Mweusi wa Lanoi hayuko," akasema.

Mkuu wa soko akarudi kwa karatasi. Kulikuwa na mstari mmoja ambao haujatiwa alama, chini kabisa: mtamba mweusi, amepewa binti Lanoi. Wakapanda kwa lori. Alikuwa ndani kabisa, amefungwa karibu na kibanda cha dereva.

Mimi nilihitaji giga ishirini na nne, faharasa na karatasi kujua nani hayuko. Yeye alitazama. Sijawahi kuheshimu mtu hivyo kazini, na nilimheshimu Madam Achieng' sana.

Jumatatu iliyofuata niliondoa ile jumla kwa mfumo. Ndiyo sababu haipo mpaka leo, na ninajua mmeandika kwamba ni kasoro. Iacheni. Mzee Parsaloi naye alikataa kurudishiwa memori yake. Alisema karata zinachezeka hata kwa mashine mbovu, na kweli aliendelea kushinda.

Mnaniuliza mtajuaje basi ukubwa wa seva. Msimwulize mtu ng'ombe. Ulizeni kwa duka la dawa za mifugo, chupa ngapi za chanjo ziliisha. Waulizeni wa josho, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe, wanachukua siku ngapi kumaliza mifugo ya upande fulani. Halafu chukueni rekodi halisi kidogo, ziingizeni kwa mashine ya majaribio, pimeni faharasa imekua kiasi gani, ndipo mzidishe, ndipo muongeze tena kwa sababu mtakuwa mmekosea. Diski ziwe zile zisizozunguka, na nusu yake iwe wazi, kwa sababu faharasa ikijipanga upya inahitaji mahali pa kugeukia. Na wewe uliyeniandikia ati, "Mzee, si tuweke kila kitu klaudi," sawa, mimi sipingi. Lakini uwe na nakala hapo ofisini ya siku ile mtandao utapotea na lori liko nje.

Kuna kitu kimoja zaidi. Mvua iliporudi, Mama Lanoi alinipigia simu. Yule mtamba mweusi alikuwa amezaa, na ndama ni wangu. Mimi nakaa nyumba ya kupanga, nitamweka wapi, kwa varanda? Akasema atakaa kwa boma lake, na kila nikienda Kimana nimwone. Nimekuwa nikienda. Naye amezaa, na waliozaliwa wamezaa. Nikifika nasimama mlangoni mwa boma jioni wakirudi, natazama, na siku moja nilimwambia Mama Lanoi kuna mmoja hayuko kabla yeye hajasema. Alicheka mpaka akashika mkongojo.

Basi fomu yenu nimeijaza, nawarudishia. Jina: Wekesa. Simu mnayo. Swali la tatu: wachache tu.

Nunueni memori ya kutosha.